Kizazi Kilichozaliwa Chini ya Mwenge

Uchafuzi wa mafuta ghafi huelezwa mara nyingi kama ajali, yaani bomba limepasuka au meli imezama, na baada ya miezi kadhaa ya kusafisha watu hurejea kwenye shughuli zao. Katika mashariki ya Ecuador, eneo la msitu wa Amazon ambalo wananchi wa nchi hiyo huliita Oriente, uchafuzi ulikuwa sehemu ya kazi ya kila siku, na kwa sababu hiyo vijana waliozaliwa huko tangu miaka ya 1970 waliukuta kama walivyoikuta mvua na mito. Anayetaka kuelewa jinsi vijana hao walivyofika mahakamani, kwenye masanduku ya kura na kwenye mikutano ya kimataifa ya tabianchi, hana budi kuanza na kazi yenyewe ya kuchimba mafuta, maana madai yao yote yamejengwa juu ya vitu vinavyoonekana kwa macho na harufu inayonuswa kwa pua.

Kampuni ya Texaco ya Marekani ilipata kibali cha kutafuta mafuta katika eneo hilo mwaka 1964, ikayapata kwa wingi mwaka 1967 katika ardhi ya watu wa Kofan, na mwaka 1972 bomba lililopandishwa juu ya milima ya Andes likaanza kuyafikisha pwani ya Pasifiki ili yauzwe ng'ambo. Kisima cha kwanza kiliitwa Lago Agrio, maneno ya Kihispania yenye maana ya ziwa chachu, kwa kumbukumbu ya mji mdogo wa Texas ambako kampuni hiyo ilianzia, na jina hilo likahamia kwenye mji uliomea kando ya kisima. Hivyo mahali palipokuwa na majina ya Kikofan kwa karne nyingi pakaanza kutambulika kwa kumbukumbu za watu wa mbali. Kampuni iliendesha visima hadi mwaka 1990, ilipokabidhi kazi kwa shirika la mafuta la taifa, na mwaka 1992 ikaondoka.

Mafuta hayatoki ardhini peke yake. Hupanda pamoja na gesi na pamoja na maji yaliyokaa ndani ya miamba kwa mamilioni ya miaka, maji ambayo mara nyingi yana chumvi nyingi kuliko ya bahari, yenye metali nzito na mabaki ya mafuta yenyewe, nayo huongezeka kadiri kisima kinavyozeeka. Njia salama ya kuyaondoa ni kuyasukuma tena chini ya ardhi, katika tabaka lilelile yalikotoka, lakini kazi hiyo hugharimu mitambo na umeme, na katika Oriente ya miaka hiyo haikufanywa. Maji yalimwagwa kwenye vijito, na takataka nyingine za kisima, yaani matope ya kuchimbia na mafuta yaliyoharibika, ziliachwa katika mashimo yaliyochimbwa kando ya visima bila kutandikwa chochote chini cha kuzuia uvujaji. Mashimo hayo yalikuwa mamia, na kwa hesabu ya waliofungua kesi maji machafu yaliyomwagwa yalifika galoni bilioni 16 hivi.

Shimo la aina hiyo linastahili kutazamwa kwa karibu. Ukubwa wake unaweza kukaribia bwawa la kuogelea, na ukingoni mwake hutokeza bomba lililopinda kama shingo ya bata, ambalo kazi yake ilikuwa kupunguza maji ya juu mvua iliponyesha ili shimo lisifurike. Mdomo wa bomba hilo ulielekea bondeni, palipokuwa na kijito, na kijito ndicho kilichonywewa, kilichoogewa na kilichovuliwa samaki. Miaka ilipopita majani yalianguka juu ya uso wa shimo, vumbi likakaa, nyasi zikaota, hata macho ya mgeni yakaona uwanja wa kawaida wa msituni. Fimbo ikichomekwa huingia bila kukutana na ardhi ngumu, na ikichomolewa hutoka nyeusi, inanata, ikinuka kama gereji. Ng'ombe wamezama katika mashimo hayo, na watoto wa huko hufundishwa kuyaogopa kama watoto wa pwani wanavyofundishwa kuogopa mkondo.

Gesi nayo ilikuwa na njia yake. Kuikusanya kunahitaji mabomba, mashine za kuigandamiza na soko la kuiuza, ilhali kuichoma kunahitaji mlingoti wa chuma na kiberiti tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya mkato. Wenyeji huiita milingoti hiyo kwa Kihispania mechero, na katika sura hii itaitwa mienge. Mwenge wa gesi huwaka mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, ukinguruma, ukitoa joto linalofukuza mtu aliye mita kadhaa, na ukivuta wadudu wa msituni ambao hurundikana chini yake wakiwa wamekufa, nondo na mende wa kila rangi, kwa idadi ambayo mtu hawezi kuihesabu. Moshi wake hubeba masizi, na mvua inaponyesha masizi hayo hushuka juu ya mabati ya nyumba ambayo maji yake ndiyo yanayokingwa kwa ajili ya kunywa, kwa kuwa kijito kimekwisha kuharibika. Hapo ndipo familia inapokosa pa kukimbilia: maji ya chini yana mafuta, ya juu yana masizi.

Kuhusu afya za watu, mabishano hayajaisha, lakini si kwa sababu hakuna kilichochunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wawili, Miguel San Sebastián na Anna-Karin Hurtig, waliwachunguza wanawake walioishi karibu na visima na kuwalinganisha na walioishi mbali, wakaona kwamba hatari ya mimba kuharibika ilikuwa mara 2.5 zaidi kwa wale wa karibu. Utafiti wao ulipewa jina la Yana Curi, maneno ya Kikichwa yenye maana ya dhahabu nyeusi. Wataalamu walioajiriwa na upande wa makampuni waliupinga, wakisema kwamba kulinganisha vijiji hakuthibitishi chanzo, na kisayansi hoja hiyo ina uzito wake. Lakini ni vigumu kukubali kwamba mzigo wa kuthibitisha ubebwe na mama aliyepoteza mimba, wakati aliyemwaga maji machafu hakutakiwa kuthibitisha kwamba ni salama kabla ya kuyamwaga.

Kesi kubwa ilifunguliwa New York mwaka 1993 kwa niaba ya watu 30,000 hivi, ikahamishiwa Ecuador, na mwaka 2011 mahakama ya Lago Agrio ikaamua dhidi ya Chevron, iliyokuwa imeinunua Texaco mwaka 2001; fidia hatimaye ikawekwa kuwa dola bilioni 9.5. Kampuni ilikataa kulipa, ikidai kwamba Texaco ilikwisha kusafisha sehemu yake kwa makubaliano na serikali na kwamba mengine ni ya shirika la taifa. Mwaka 2014 jaji wa Marekani aliamua kwamba hukumu ile ilipatikana kwa udanganyifu wa mawakili wa walalamikaji, na mwaka 2018 jopo la usuluhishi likaiunga mkono kampuni. Haya ni maneno machache kwa mgogoro wa miaka 25, lakini kwa sura hii linalohusu ni matokeo yake kwa watoto: waliozaliwa mwaka kesi ilipofunguliwa walikuwa watu wazima wenye watoto wao hukumu ilipokwama, na mashimo yalikuwa palepale. Kizazi hicho kilijifunza kwamba kumngoja mtu wa nje alete haki ni kama kungoja embe chini ya mnazi, na kwamba ushahidi ni lazima ukusanywe na wenyewe, kwa mikono yao na kwa lugha zao.

Jambo la kwanza walilolifanya lilikuwa la maji. Vijana wa Kofan, Siona, Siekopai na Waorani, jamii nne ambazo katika historia ziliwahi kupigana, walianza kusafiri kijiji kwa kijiji wakifunga mifumo ya kukinga na kuchuja maji ya mvua, na kutokana na safari hizo ukazaliwa muungano unaoitwa Alianza Ceibo, uliopewa jina la msufi mkubwa wa Amazon. Kufunga tangi la maji ni kazi isiyoandikwa magazetini. Hata hivyo, ndiyo iliyowakutanisha vijana wa Waorani wa kusini, ambako visima vilikuwa havijafika, na wenzao wa kaskazini waliokuwa wameishi navyo miaka 40, wakaona kwa macho yao mashimo, mienge na mito, na kurudi nyumbani wakiwa na habari ambazo hakuna afisa wa serikali aliyewahi kuwaeleza.

Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Nemonte Nenquimo, mwanamke wa Kiwaorani aliyezaliwa mwaka 1985. Serikali ilikuwa imegawa msitu wa kusini kuwa vitalu, yaani maeneo yenye namba yanayonadiwa kwa makampuni, na ardhi ya vijiji vya Waorani katika mkoa wa Pastaza ikawa sehemu ya Kitalu namba 22. Sheria ilidai wenyeji washauriwe kwanza, kwa kanuni ijulikanayo kama ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa, inayotaka watu waulizwe kabla ya uamuzi, kwa lugha wanayoielewa, bila kushurutishwa. Mwaka 2012 maafisa walifika kwa ndege ndogo, wakafanya vikao vifupi, wakakusanya saini na kuondoka. Wazee wengi waliotia saini hawakuelewa kilichokuwa kikizungumzwa.

Katika ramani ya serikali kitalu hicho kilikuwa mito michache na rangi ya kijani. Vijana wakachukua vifaa vya kupimia mahali kwa setilaiti wakaenda na wazee wao msituni, wakiweka alama mahali pa kuvulia, miti ya dawa, njia za jagua, makaburi, vilima vilivyopiganiwa zamani na mashamba yaliyoachwa yapumzike, hata karatasi ikajaa alama ambazo wao wenyewe walizibuni. Thamani ya ramani hiyo haikuwa mahakamani tu. Mzee anayejua msitu na kijana anayejua kompyuta walilazimika kukaa pamoja kwa miezi mingi, na maarifa ambayo shule ya Kihispania ilikuwa ikiyafukuza yakarudi kwa mlango wa teknolojia. Kesi ilifunguliwa Februari 2019. Katika kikao cha kwanza mjini Puyo, wanawake wa Waorani, nyuso zao zimepakwa rangi nyekundu, waliimba kwa sauti hadi kikao kikaahirishwa, wakipinga kwamba hapakuwa na mkalimani anayefaa. Tarehe 26 Aprili 2019 mahakama ikaamua kwamba ushauri wa mwaka 2012 haukuwa halali, na hekta zipatazo 200,000 zikaokolewa kwenye mnada.

Waorani hawakuwa wa kwanza kushinda. Watu wa Kichwa wa Sarayaku, kijiji cha watu 1,200 hivi kando ya mto Bobonaza, walipata hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika mwezi Juni 2012, baada ya kampuni ya Argentina kuingia katika ardhi yao bila ridhaa na kufukia zaidi ya kilo 1,400 za baruti za kupimia miamba. Helena Gualinga, aliyezaliwa mwaka 2002 wakati mapambano hayo yakiwa yamepamba moto, alikuwa na miaka kumi hukumu ilipotolewa, na alipokuwa akisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kwenye mikutano ya tabianchi akiwa kijana, baruti nyingi zilikuwa bado ziko ardhini kwao.

Mapambano yaliyoingiza vijana wa mijini yalihusu Yasuní, hifadhi ya taifa ambamo hekta moja imehesabiwa kuwa na aina zaidi ya 600 za miti, na ambamo wanaishi Tagaeri na Taromenane, watu waliochagua kutokuwa na mawasiliano yoyote na dunia ya nje. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa alitoa pendekezo la aina yake: mafuta ya eneo la Ishpingo, Tambococha na Tiputini yaachwe ardhini iwapo dunia italipa dola bilioni 3.6, nusu ya thamani yake. Dunia ilitoa takriban dola milioni 13, na Agosti 2013 rais akatangaza kwamba uchimbaji utaanza. Ndipo vijana wengi wao wanafunzi wakaunda kundi la Yasunidos, wakatoka mitaani na kalamu na karatasi, wakakusanya saini zipatazo 757,000 za kudai kura ya maoni, wakati sheria ilitaka chini ya 600,000. Tume ya uchaguzi ilifuta zaidi ya nusu ya saini hizo kwa sababu kama vile ukubwa wa karatasi na rangi ya wino.

Ni mahali ambapo vijana wengi wangekata tamaa. Hawa walikwenda mahakamani, wakashindwa, wakarudi, wakazeeka kidogo, wengine wakapata watoto, na mwezi Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikakubali kwamba swali lao lipelekwe kwa wananchi; tarehe 20 Agosti 2023 asilimia 59 hivi ya wapiga kura wakaamua mafuta ya Kitalu 43, yaani eneo lilelile la Ishpingo, Tambococha na Tiputini, yabaki ardhini. Nchi ndogo inayotegemea mauzo ya mafuta iliamua kwa kura kuacha visima vinavyofanya kazi, na jambo hilo linastahili heshima kubwa kuliko ilivyopewa.

Lakini katika Orellana, mkoa wenye sehemu kubwa ya Yasuní, na katika Sucumbíos jirani, wengi walipiga kura ya kuendelea kuchimba, na mwandishi yeyote mkweli hawezi kulipita jambo hilo kimyakimya. Miaka 50 ya mafuta imeua uvuvi na kudhoofisha mashamba, ikabakiza ajira za kampuni kuwa karibu njia pekee ya kupata fedha. Zahanati, barabara na boti ya injini mara nyingi hutoka kwa kampuni, na mtu anayeambiwa achague kati ya mto safi wa kesho na mshahara wa mwezi huu hajapewa uchaguzi wa haki. Hata miongoni mwa Waorani zipo jamii zilizounga mkono uchimbaji. Vijana wa mijini walioshangilia Quito wana deni kwa wenzao hao, na mpaka sasa halijalipwa. Serikali nayo, iliyopewa mwaka mmoja kufunga visima, ilifunga kimoja mwezi Agosti 2024 na kusema inahitaji miaka mitano zaidi.

Msomaji wa Kiswahili hasomi haya kama habari za mbali. Wavuvi wa Ziwa Edward mashariki ya Kongo, wanaozungumza lugha hii, waliwahi kuona kampuni ya Uingereza ikipima mafuta ndani ya Hifadhi ya Virunga kabla ya kukubali kujiondoa mwaka 2014. Serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu mwaka 2022, vingine ndani ya msitu wa bonde la Kongo, ikaufuta mwaka 2024, kisha mwaka 2025 ikatangaza vitalu vipya 52. Bomba la kilomita 1,443 linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, likipashwa moto njia nzima kwa kuwa mafuta ya huko huganda, na wanafunzi wa vyuo vikuu wamekamatwa mara kadhaa Kampala kwa kulipinga. Suala la nani aliulizwa, lini na kwa lugha gani ni lilelile.

Imebaki habari ya mienge, iliyochukuliwa na watoto. Umoja wa watu walioathiriwa na Texaco, unaojulikana kwa kifupi cha UDAPT, unaunganisha jamii sita asilia na wakulima waliohamia eneo hilo kwa kufuata barabara za mafuta, na ulihesabu zaidi ya mienge 400 katika mikoa ya kaskazini. Mapema mwaka 2020 wasichana tisa wa Sucumbíos na Orellana, wote watoto wa shule, walifungua kesi dhidi ya serikali yao wakiomba jambo moja linaloeleweka hata na aliyekosa shule kabisa: moto uzimwe. Madai hayo hayakuhusu fidia wala kuadhibu kampuni ya zamani, bali kosa linalotendeka leo mbele ya nyumba zao, na kwa maoni ya sura hii hapo ndipo penye ubora wake, kwa sababu hayakuweza kusukumwa kwenye malumbano ya nani alichafua mwaka gani. Hakimu wa kwanza aliyakataa. Januari 2021 Mahakama ya Mkoa ya Sucumbíos iliyakubali, ikasema kwamba serikali imevunja haki yao ya afya na ya kuishi katika mazingira safi, na kuagiza mienge iliyo karibu na makazi iondolewe ifikapo Machi 2023 na iliyobaki ifikapo mwisho wa mwaka 2030.

Machi 2023 ilifika ikapita, na moto uliendelea kuwaka. Wasichana walikwenda Quito kudai hukumu itekelezwe, na Februari 2024 kilipuzi kililipuka nje ya nyumba ya mmoja wao. Walikuwa watoto walipoanza. Sasa ni vijana, wanaijua sheria ya mazingira ya nchi yao vizuri, na usiku katika vijiji vyao bado hakuna giza.